Kopo Moja, Nyuso Zote

Kila Jumatatu asubuhi, katika shule ya msingi niliyosoma karibu na Litein, Kericho, mwalimu wa zamu alipita mstarini akikagua kucha, kola na magoti. Kucha ziwe fupi, kola iwe safi, magoti yang'ae. Mtoto aliyekuja amepauka alitolewa mbele, na aibu ile haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake. Ndiyo maana mama zetu walitupaka mafuta kama mtu anayesiliba ukuta. Walianza usoni, wakashuka shingoni, mikononi, miguuni, na kilichobaki kiganjani wakajipaka wenyewe. Tulitoka nyumbani tukimeta, vumbi jekundu la barabara likatuganda, na kufikia saa nne tulikuwa kama mandazi yaliyoangukia unga.

Nauza mafuta na vipodozi sokoni tangu 1994. Wachuma chai huniita Mama Mafuta, jina ambalo mwanzoni lilinikera na sasa limeandikwa kwenye kibao cha duka. Kwa miaka mingi niliamini kazi yangu ni kuuza mng'ao. Mteja alisema "nipe mafuta ya uso," nami nilinyoosha mkono kwenye rafu bila hata kumtazama huo uso wenyewe.

Kogo, mama yake baba, asingefanya hivyo. Nyuma ya vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, alikuwa na kibuyu kingine kidogo, cha siagi ya kujipaka, na ole wako ukichanganya. Watu wetu, Wakipsigis, kama Wanandi na Wamaasai jirani zao, walijipaka mafuta ya ng'ombe tangu enzi zisizohesabika, na kwa nchi hii haikuwa anasa. Kericho iko juu ya mita 2,000. Asubuhi kuna ukungu, umande unaloweka nguo hadi kiunoni, kisha mchana upepo unakausha kila kilicholowa, ngozi nayo ikiwemo. Lakini Kogo hakumpaka kila mtu. Watoto wadogo na wazee aliwapaka mwili mzima. Dada yangu alipovunja ungo na uso kuanza kuota chunusi, Kogo alimnyima siagi ya usoni kabisa. "Huyu anakamuliwa kutoka ndani," alisema, akamwachia ya mikono na miguu tu. Mama alimwona mkongwe aliyepitwa na wakati. Mama alikuwa na kopo.

Kopo hilo lilikuja kwa njia ndefu, na liliongozana na sabuni. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands, ya kina James Finlay, walianza kupanda chai Kericho. Ardhi ikabadilika mkono, watu wakawa vibarua, na penye mshahara hapakosi duka. Upande mwingine wamishenari walijenga Litein na Tenwek, na katika mafunzo yao usafi wa mwili ulikaa jirani sana na usafi wa roho. Sabuni iliyofika kwa watu wa kawaida ilikuwa ile ya kipande, ndefu, inayokatwa kwa waya. Kipande kimoja kilifua shuka, kikaosha vyombo, kikamalizia nyuso za watoto.

Siisemi vibaya sabuni ya kipande. Mashati ya baba yangu yaliishi miaka kwa sababu yake. Ila uso si shati. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, kama wa maziwa yaliyoanza kulala, na uchachu huo ndio unaoilinda. Sabuni ya kipande iko upande wa pili kabisa, upande wa majivu na magadi. Inang'oa uchafu pamoja na mafuta ambayo ngozi ilijitengenezea yenyewe. Ukimaliza kunawa uso unakaza, unahisi kama umevaa ngozi ya mtu mdogo kuliko wewe. Baada ya dakika chache unapauka. Sasa unahitaji kopo. Dukani kwa Mhindi vitu hivyo viwili viliuzwa kwenye kaunta moja, kimoja kikikausha na kingine kikificha ukavu, na sidhani kama kuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ilifanya biashara nzuri.

Ndani ya kopo kulikuwa na jeli ya petroli. Robert Chesebrough, Mmarekani, aliipatia hati miliki mwaka 1872 baada ya kuisafisha kutoka kwenye utando mzito uliokwama katika mitambo ya visima vya mafuta. Akaiita Vaseline. Watu wengi hudhani inaingiza maji kwenye ngozi. Haiingizi hata tone. Ni kifuniko cha sufuria: kama ndani mna maji, hayatatoka, kama sufuria ni kavu, umefunika sufuria kavu. Ndiyo maana mama mmoja mtaalamu wa watoto wachanga aliwahi kuniambia nipake uso ukiwa bado na unyevu, ushauri ambao ungeokoa magoti mengi ya shule.

Halafu kwetu, nchi ya ng'ombe wa maziwa, likaja jambo la kuchekesha. Arimis, mafuta yaliyotengenezwa kulainisha chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, yalihama zizini yakaingia chumbani. Nani alianza, hakuna ajuaye. Mama alikuwa anakamua saa kumi na moja alfajiri, mikono ina mafuta, mtoto yuko mlangoni anasubiri kwenda shule; mkono ukatoka kwenye ng'ombe ukaenda usoni. Leo yanauzwa Kenya nzima na wanawake wenye magari huyanunua bila kuona haya. Mimi huyauza kwa katoni. Nikiyatazama namkumbuka Kogo na kibuyu chake, kwamba baada ya safari yote ile tulirudi palepale, mafuta na ng'ombe, isipokuwa ile hekima ya kumnyima dada yangu ya usoni haikurudi.

Kuna neno la Kiswahili ambalo naona lilitupoteza. Kung'aa ni sifa ya afya: macho yanang'aa, ngozi inang'aa, mtoto kashiba. Kutoka hapo ni hatua moja tu hadi kung'arisha, na matangazo ya biashara yaliipiga hatua hiyo bila sisi kusikia mlio. Miaka ya 1960 na 1970 magazeti ya Nairobi yalijaa picha za wasichana wa krimu ya Ambi na nyingine za aina yake, wenye kazi ofisini, wenye wachumba, na wenye rangi ambayo katika ukoo wetu hakuna aliyezaliwa nayo. Uso wenye afya na uso mweupe vikawa kitu kimoja kwa jina moja.

Bei yake ililipwa kwingine. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika British Medical Journal habari za wagonjwa 60, watu wazima waliovimba miili kwa sababu ya figo. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, hivyo ni kweli inafanya kile tangazo lilichosema. Kisha inapenya, na figo ndizo zinazobaki kuhesabiana nayo. Taarifa hiyo ilisomwa na madaktari. Wauza duka hatukuisikia.

Mwaka 1984 Unilever waliinunua Brooke Bond, na mashamba ya Kericho yakawa yao hadi 2022. Ni shirika hilohilo lililokuwa na Lux, Vaseline kuanzia 1987, na Fair & Lovely, krimu ya kujing'arisha iliyoanzia India mwaka 1975 na ikaondolewa neno Fair mwaka 2020. Sisemi kwamba kulikuwa na njama. Nasema tu kwamba kwa miaka karibu 40 mwanamke wa Kericho aliweza kuchuma majani ya shirika siku nzima juani, akalipwa, kisha akapita dukani, na tangu 1994 dukani kwangu, na kulirudishia shirika lilelile sehemu ya mshahara ili aufute usoni mwake ushahidi wa jua hilo. Nilikuwa katikati, nikitoa chenji.

Na mimi sikupona. Msimu wa bonasi ya wakulima wa chai mwaka 1997 pesa za chai ya baba ziliingia vizuri, nikapata kidogo. Mfanyabiashara mmoja aliniuzia tyubu ndogo isiyo na maelezo yanayosomeka, akaniahidi wiki mbili. Alikuwa mkweli kuhusu wiki mbili. Nilitakata hadi wateja wakaniuliza siri, na nikawauzia siri. Mwezi wa tatu uso ulianza kuwaka nikikaribia jiko. Mishipa myekundu ikatokeza mashavuni, chunusi zikaja kwa makundi, na nikiacha kupaka siku moja tu nawashwa hadi machozi. Shemeji yangu akaniita Mzungu wa bonasi, na jina likakaa kuliko weupe.

Daktari wa ngozi niliyempata baadaye kwenye kliniki hakushangaa hata kidogo. Alisema ni steroidi, dawa halali ya ukurutu kwa siku chache na kwa maagizo, ambayo mtu akijipaka usoni kwa miezi inaikondesha ngozi kama shuka lililofuliwa kupita kiasi. Akanipunguzia polepole. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa wala kumuuliza mteja hata mmoja: "Kabla ya haya yote, uso wako ulikuwa wa namna gani?" Sikuwa na jibu. Nilijua rangi yake tu. Mwaka 1998 shirika la viwango la Kenya lilitangaza kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Nilipoisoma ile orodha niligeuka kutazama rafu yangu, nikafunga duka mapema.

Tangu hapo nimesoma ninachoweza kuhusu hizo namna za nyuso. Helena Rubinstein, mzaliwa wa Kraków aliyefungua saluni yake ya kwanza Melbourne mwanzoni mwa karne ya 20, hutajwa kuwa ndiye aliyewazoesha wateja kugawa nyuso kuwa kavu, za mafuta na za kawaida. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kwamba ukigawa nyuso mara tatu unauza mara tatu. Mgawanyo wa pili ni wa Thomas Fitzpatrick, daktari wa Harvard, na ni wa mwaka 1975, mwaka uleule wa Fair & Lovely. Yeye alitaka kujua mgonjwa apewe mwanga wa tiba kiasi gani bila kuungua. Alianza na aina nne, zote za Wazungu. Kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikapewa namba tano na sita. Kwa mizani hiyo matatu yote ya Kericho hadi Bomet imebeba namba tano na sita, na bado ndani yake mmoja anameta paji la uso kama sufuria mpya na jirani yake ana mashavu yanayobanduka magamba.

Kwa hiyo nimejitengenezea utaratibu unaofaa watu wa hapa. Namwambia mteja: kesho nawa kwa maji na sabuni laini, usipake chochote, nenda kachume. Ukungu ukishaondoka, kabla jasho halijakolea, bandika kipande cha tishu kwenye paji la uso, kingine shavuni, uniletee. Wanakuja jioni na tishu wamezikunja kwenye leso pamoja na risiti ya kilo. Tishu yenye madoa ya mafuta popote ilipogusa, huyo simuuzii jeli ya uso hata akilia. Kopo lingemwongezea mafuta asiyoyahitaji na chunusi zingemshukuru. Paji na pua zikiwa na mafuta huku shavu ni kavu, na hao ndio wengi, anapaka mashavu na kuruka katikati. Kuna wachache ambao kila kitu chenye manukato kinawawasha. Hao nawauzia kidogo sana, na duka langu limeumia kwa sababu yao.

Kinachonisumbua zaidi ni mabaka. Utayaona kwa wachuma waliokaa kazini miaka mingi: kivuli cha kahawia juu ya mashavu na mdomo, kama mtu aliyefutwa kwa mkono wenye masizi. Mimba huyaanzisha, sindano ya kupanga uzazi wakati mwingine, moto wa kuni huyachochea, lakini jua ndilo linaloyalisha. Watu hawaamini, kwa sababu hapa hatuna jua la Mombasa. Tuna mawingu, mvua karibu kila alasiri, na mvua ya mawe nyingi kiasi kwamba miaka ya 1960 ndege zilitumwa kuyanyunyizia mawingu kemikali ili chai isipondwe. Lakini miale inayounguza huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na wingu jepesi haliizuii. Tuko juu ya mita 2,000, chini kidogo tu ya ikweta. Mchumaji ana eproni ya plastiki kwa ajili ya umande, gambuti kwa ajili ya matope, na usoni hana kitu. Mafuta ya kukinga jua tuliyajua kama ya watu wenye ualbino peke yao. Bei yake bado ni ya kuomba radhi, hivyo kwanza nauza kofia pana.

Siku hizi vijana wananiuliza kuhusu krimu za chai ya zambarau, ile ambayo watafiti wa chai hapa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Inanifurahisha kuwaza jani limchumie mchumaji kitu. Nawauliza kwanza kama wana tishu.

Mwezi jana Mama alikuja dukani. Ana miaka 80 na ushei, na hajawahi kukubali kwamba alinipaka vibaya. Alinikuta nampima mteja, akachukua tishu yake mwenyewe, akaibandika kwenye paji la uso, akaiinua dirishani. Ilikuwa nyeupe vilevile.

"Hii inasema nini?"

"Inasema ngozi yako ni kavu, Mama."

"Basi nipe kopo langu."

Nilimpa. Alikuwa sahihi kabisa. Alichota kwa kidole kimoja, akajipaka mashavu polepole huku ananitazama, akasimamisha mkono.

"Na wewe," alisema, "mbona umepauka hivyo mbele ya wateja?"