Munganga Muyembe na Damu ya Waliopona

Tukisoma historia ya Ebola, mara nyingi tunakuta majina ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Walifanya kazi kubwa, wala hatuwanyimi sifa yao. Lakini haifai kumsahau mtaalamu wa inchi yetu aliyewatangulia kufika kitandani pa wagonjwa.

Jean-Jacques Muyembe alisomea uganga Lovanium, universite iliyofunguliwa na Wakatoliki mwaka 1954. Kisha huko Leuven, Ubelgiji, alijifunza elimu ya virusi, ndivyo vijidudu vidogo kabisa. Mwezi wa Septemba 1976 alitumwa Yambuku, kwenye hospitali ya misioni, ambako wagonjwa na masista walikuwa wakifa. Alidhani ni tifoide. Akatoa damu kwa mikono mitupu. Shindano likiisha kuondolewa, damu ilizidi kutiririka. Akampeleka sista mmoja mgonjwa Kinshasa, akafia kule. Damu yake ikatumwa Antwerp, na humo wataalamu wakakuta kijidudu kisichojulikana bado. Kikapewa jina la mto Ebola.

Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Sababu moja kubwa ilikuwa mashindano ya hospitali yenyewe: yaliwapitia wagonjwa wengi bila kuchemshwa vema. Tuseme wazi: mapendo yasiyo na elimu yaweza kuua.

Mwaka 1995 ugonjwa ukatokea Kikwit. Muyembe na wenzake wakawatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. 7 kati yao wakapona. Wataalamu wengi hawakusadiki, kwa maana hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Neno lao lilikuwa la haki, lakini Muyembe hakuacha wazo lake. Baadaye, pamoja na wataalamu wa Marekani na Ulaya, dawa ikapatikana kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit. Miaka ya 2018 na 2019, huko Beni na Butembo, dawa hiyo ililinganishwa na nyingine tatu, ikawa mojawapo ya mbili zilizoshinda. Mwaka 2020 Marekani iliikubali kwa jina la Ebanga.

Wakati ule wa Beni na Butembo wengi walisema kwamba dawa zililetwa na wageni ili kuwaua watu, hata watumishi wa afya wakauawa. Katekista anayejua historia hii ana jibu la kuwapa watu wake: dawa hii ilianzia katika damu ya ndugu yetu wa Kikwit.