Ndugu Watatu wa Detroit Waliokataa Kubadili Jina

Mwaka 2026 unatimiza nusu karne tangu santuri ndogo yenye nyimbo mbili, "Politicians in My Eyes" na "Keep on Knocking", itolewe na vijana watatu weusi wa Detroit, Marekani. Zilichapwa nakala 500 tu, chini ya lebo yao wenyewe, Tryangle. Bendi yao iliitwa Death, yaani Kifo.

Kisa chao kinajulikana zaidi kupitia filamu ya *A Band Called Death* ya 2012, na wasimulizi wakuu ni ndugu wawili waliobaki, Bobby na Dannis Hackney. Kila wanapoanza kusimulia, humtaja kwanza kaka yao David.

Mwaka 1964 baba yao aliwaketisha mbele ya televisheni wawatazame Beatles. Kesho yake David aliokota gitaa lililotupwa uchochoroni, akaanza kujifundisha. Baadaye Bobby akashika besi na uimbaji, Dannis akakaa kwenye ngoma. Walianza na funk, kama ilivyotarajiwa kwa vijana weusi wa mji uliozaa lebo ya Motown. Lakini wanaroki The Who na Alice Cooper walimteka David, gitaa la umeme likawa ndiyo sauti yake: kali, ya kasi, yenye mngurumo. Mama yao aliwaachia chumba nyumbani wafanyie mazoezi.

Kisha baba akafariki katika ajali. David aliutafakari msiba ule akaja na jina jipya la bendi. Kwake kifo kilikuwa mlango wa kupita, na alitaka neno hilo livuliwe ubaya wake. Hata wadogo zake walisitasita, maana nani angenunua santuri yenye jina hilo?

Mwaka 1975 produsa Don Davis aliwaingiza studio ya United Sound kurekodi. Nyimbo kumi na mbili zilipangwa. Ndugu hao wanasimulia kwamba fedha zilitoka kwa Clive Davis, mmoja wa vigogo wa biashara ya muziki Marekani, naye alitaka jambo moja tu: jina libadilishwe. Bobby na Dannis walikuwa tayari kulegeza. David akakataa katakata. Kwake kuliacha jina kulikuwa sawa na kuiuza bendi nzima. Fedha zikakatika, kazi ikaishia nyimbo saba.

Wapo wanaouita huo ukaidi uliowanyima utajiri. Mimi naona David alikuwa na haki. Jina lile lilibeba msiba wa baba yake, na mfanyabiashara hakuwa na mamlaka ya kulifuta.

Roki ya namna ile, kali na ya kasi, ndiyo panki. Tazama tarehe. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ilitoka 1976, na santuri ya kwanza ya Sex Pistols wa London ikatoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Nyimbo saba za Death zilikuwa zimesharekodiwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi panki ilisimuliwa kama mali ya vijana weupe wa New York na London, kana kwamba wanamuziki weusi waliotangulia, Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry, hawakuwahi kushika gitaa la umeme.

Baada ya bendi kukwama, ndugu hao walihamia Burlington, Vermont, wakapiga muziki wa injili kwa jina la The 4th Movement. David akarudi Detroit. Bobby na Dannis wakaingia kwenye rege. David alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 2000. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda za nyimbo zile azitunze, akimwambia ipo siku dunia itakuja kuziulizia.

Dunia ilikuja. Wana wa Bobby walizigundua nyimbo hizo, wakaunda bendi ya Rough Francis kuzipiga. Mwaka 2009 lebo ya Drag City ikatoa zote saba.

Anayeandika historia ya panki na kuwaacha ndugu wa Hackney anaandika nusu yake. Msomaji asiyewajua aanze na "Politicians in My Eyes", kisha alinganishe tarehe mwenyewe.