Mwalimu ni Kiongozi, Lakini Maarifa Yanatoka Wapi? Funzo la Bariadi na Usukuma

Tangu siku za TANU tumezoea kusema kwamba mwalimu ni kiongozi. Rais wa kwanza wa nchi yetu aliacha kazi ya shule mwaka 1955 ili aitumikie TANU, na wananchi waliendelea kumwita Mwalimu hadi mwisho wa maisha yake. Lakini usemi huo haujakamilika mpaka tujibu swali jingine: maarifa anayofundisha mwalimu huyo yanatoka wapi? Historia ya Bariadi, na ya Usukuma kwa jumla, inatusaidia kulijibu.

Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wilaya ya Maswa, ambayo wakati huo ilikuwa na Bariadi ndani yake, iliingizwa katika mpango huo. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe, na aliyekaidi aliadhibiwa. Msingi wa mpango ulikuwa mmoja: mkoloni anajua, mkulima hajui. Wakulima walipokataa, mkoloni alisema ni ujinga. Kwa kweli baadhi ya ushauri ule ulikuwa sahihi, maana udongo ulikuwa umeanza kuchoka. Lakini maarifa yanayoletwa kwa faini hayawezi kuwa mali ya yule anayetozwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango wa amri ulikuwa umeshindwa.

Baada ya Uhuru tulichukua njia nyingine. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba. Hapo mwalimu hakuweza kujifanya ndiye pekee anayejua. Aliijua herufi, lakini mwanafunzi wake aliijua pamba. Kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenzake, na darasa la namna hiyo ni shule ya uongozi.

Hata hivyo hatuna budi kujikosoa. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani na miti vikue, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Hiyo ni sayansi iliyotokana na kazi na uzoefu wa vizazi vingi. Mkoloni alifyeka misitu ili kuua mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka. Na katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishwa zikaziacha ngitili zao nyuma. Nia ilikuwa kuwapatia wananchi shule, maji na zahanati. Lakini sisi tuliohimiza hatukuwauliza wazee wanaacha nini. Tulirudia kosa la mkoloni kwa nia njema, na ardhi haipimi nia.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu. Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye walikaa na wanavijiji, wakasikiliza, na ngitili ikawa nguzo ya mradi. Sheria za kuzilinda zilitungwa na wanavijiji wenyewe, pamoja na dagashida, baraza lao la jadi. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kadiri ya hekta 600. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa katika vijiji zaidi ya 800. Mtaalamu hakuacha utaalamu wake. Aliuleta mahali ambapo ungeweza kupimwa na wenye uzoefu.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, maarifa huzaliwa katika kazi, na hayana cheo wala cheti. Pili, uzoefu wa wazee nao si msahafu. Lazima upimwe, maana mvua, idadi ya watu na ya mifugo hubadilika. Tatu, mwalimu anayeongoza ni yule anayeunganisha maarifa hayo mawili mbele ya watu na kukubali kusahihishwa nao.

Leo Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Mwalimu kijana anayepangiwa shule huko anakwenda na vitabu vyake, na inafaa avibebe. Lakini kabla hajaandika ubaoni somo la kuhifadhi ardhi, awapeleke wanafunzi wake kwenye ngitili iliyo karibu, awaulize wenyewe inafungwa lini na kwa nini. Akirudi darasani atakuwa na cha kufundisha, na kijiji kitakuwa na sababu ya kumfuata.