Kutoka Fuwele hadi Plastiki: Mwanafizikia wa Vihisi katika Afrika Mashariki

Historia ya elektroniki inayokunjika, yaani vifaa vya umeme vinavyotengenezwa kwa plastiki na misombo mingine ya kaboni mahali pa silikoni ngumu, husimuliwa kwa kawaida kupitia Tokyo, Philadelphia na Cambridge. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini haimwelezi msomaji wa Babati ni kwa njia gani mtu wa Afrika Mashariki aliingia katika fani hiyo, wala alipoingia alitaka kupima nini. Bagara, kata iliyo ndani ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, si mahali pa maabara za aina hiyo. Hata hivyo iko katika ukanda ambao maswali ya upimaji yamekuwa mazito kwa miaka mingi: floraidi katika maji ya Bonde la Ufa, sumukuvu katika mahindi, malaria ya nyanda za chini, na sasa kisukari. Maswali hayo yalitangulia majibu yake, na ni vigumu kuieleza kazi ya mwanafizikia wa vihisi katika nchi hizi bila kuanza nayo.

Floraidi ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania huachia floraidi kwenye maji ya chemchemi na visima, na huko Minjingu, katika Wilaya ya Babati, ambako mawe ya fosfeti huchimbwa kwa ajili ya mbolea, floraidi imo ndani ya mwamba wenyewe. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yenye kiasi kikubwa zaidi wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayasafishiki kwa mswaki wowote, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda. Maji hayo hayana rangi wala harufu ya kumwonya mchotaji, kwa hiyo kipimo ndicho pekee kinachoweza kusema ukweli.

Mwaka 1966 Martin Frant na James Ross walichapisha nchini Marekani maelezo ya elektrodi ya floraidi, kifaa ambacho moyo wake ni fuwele ya lanthanamu floraidi iliyotiwa yuropiamu kidogo ili kuongeza nafasi tupu ndani ya mpangilio wa atomi zake. Kupitia nafasi hizo ioni za floraidi, yaani atomi zenye chaji ya umeme, huweza kuruka kutoka tundu hadi tundu, huku ioni za aina nyingine zikizuiliwa, na tofauti ya volti inayozaliwa kati ya pande mbili za fuwele humwonyesha mpimaji wingi wa floraidi majini. Hapo fizikia ya vitu yabisi iligeuka kuwa chombo cha afya ya jamii: kasoro ndogo katika fuwele, jambo ambalo mwanafizikia hulisoma kwa nadharia, ikawa njia ya kujua kama kisima kinafaa. Kihisi, kwa maana itakayotumika hapa, ni kifaa cha namna hiyo, kinachokutana na kitu kimoja mahsusi na kutoa ishara ya umeme inayolingana na wingi wake.

Kihisi huwa cha kibiolojia pale sehemu inayotambua inapotoka kwa viumbe hai, iwe kimeng'enya, kingamwili au kipande cha vinasaba. Chanzo cha fani hiyo huwekwa kwenye kazi ya Mmarekani Leland Clark, ambaye mwaka 1962, pamoja na Champ Lyons, alipendekeza kuweka kimeng'enya cha glukosi oksidesi juu ya elektrodi ya oksijeni ili kiasi cha sukari kwenye damu kisomwe kama mkondo wa umeme. Kikwazo kilikuwa kwamba kipimo hicho kilitegemea oksijeni, ambayo hubadilikabadilika katika damu. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford na Cranfield, Uingereza, walionyesha kwamba ferosini, msombo wa chuma na kaboni, inaweza kupokea elektroni kutoka kwenye kimeng'enya na kuzipeleka kwenye elektrodi bila kuingoja oksijeni. Kipimo cha sukari cha nyumbani cha aina hiyo kikawezekana, na kikaingia sokoni mwaka 1987.

Kipande cha kupimia sukari kinachotumika leo katika zahanati na maduka ya dawa kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake imo karibu fani nzima. Ni ukanda wa plastiki wenye upana usiozidi ule wa kidole, na juu yake, katika aina nyingi, zimechapwa tabaka za wino wa kaboni na wino wa fedha kwa njia ileile ya skrini inayotumika kuchapa fulana. Mwishoni mwa ukanda kuna mfereji mwembamba unaoivuta damu wenyewe mara tone linapougusa. Kimeng'enya kilichokaushwa humo huamka kwa unyevu wa damu, huinyang'anya glukosi elektroni zake, na ndani ya sekunde chache mashine huusoma mkondo mdogo mno na kuutafsiri kuwa milimoli kwa lita. Mgonjwa huutupa ukanda huo bila kufikiri kwamba ametumia kifaa cha elektroniki kilichochapwa juu ya plastiki, tena kinachokunjika. Walioita elektroniki ya plastiki jambo la siku zijazo walikuwa nalo mfukoni tayari.

Kilichokosekana katika ukanda huo ni plastiki yenyewe kushiriki katika kazi ya umeme. Kabla ya miaka ya 1970 polima, yaani molekuli ndefu zenye viungo vingi vinavyojirudia, zilijulikana zaidi kama vihami vinavyofunika nyaya. Katika maabara ya Hideki Shirakawa huko Tokyo, mwaka 1967, kichocheo cha kemikali kilitiwa kwa bahati mbaya mara elfu moja zaidi ya kipimo, ukatokea utando unaong'aa wa poliasetilini. Miaka kumi baadaye Shirakawa, akifanya kazi Philadelphia na Alan MacDiarmid na mwanafizikia Alan Heeger, alionyesha kwamba mvuke wa iodini huuongezea utando huo uwezo wa kupitisha umeme mamilioni ya mara. Iodini huchukua elektroni kutoka kwenye mnyororo wa kaboni, na pengo linalobaki husafiri kwenye mnyororo huo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, nayo ilikuwa ya kemia ingawa Heeger alifunzwa fizikia, ishara kwamba mpaka kati ya masomo hayo mawili ulikuwa umefutika. Mwaka 1984 kundi la Mark Wrighton huko MIT lilitengeneza transista ya polima, yaani swichi ndogo ya umeme, inayofanya kazi ndani ya kimiminika, ambamo ioni huingia kwenye utando na kubadilisha upitishaji wake, na mwaka 1992 kundi la Heeger likaonyesha taa ya polima juu ya plastiki inayopindwa bila kuzimika. Transista ya Wrighton ndiyo yenye maana zaidi kwa upimaji, kwa kuwa damu, mkojo na jasho ni maji yenye ioni, na kifaa kinachozungumza lugha ya ioni na ya elektroni kwa pamoja hakihitaji mkalimani kati yake na mwili.

Fizikia ya Tanzania haikuanzia kwenye plastiki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria pekee, na Kitivo cha Sayansi kikaanza mwaka 1965. Makala ya fizikia ya Kitanzania inayojulikana zaidi duniani ilichapishwa mwaka 1969 na Erasto Mpemba, aliyeanza kuuliza akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kwa nini maziwa ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, akishirikiana na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam aliyekubali kulipima swali ambalo wengine walilicheka. Lakini swali zuri halitoshi kuendesha maisha ya utafiti. Panahitajika pampu za kutoa hewa, malighafi safi, vipuri na mtu wa kuvitengeneza, na vitu hivyo vilikuja kwa sehemu kubwa kupitia Uppsala, Sweden, ambako mpango wa kimataifa wa kuendeleza fizikia ulianzishwa mwaka 1961. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mwanafunzi wa uzamivu alibaki amesajiliwa katika chuo cha kwao, akaenda Sweden kwa miezi kadhaa kufanya vipimo visivyowezekana nyumbani, kisha akarudi kufundisha na kuandika. Ulipunguza upotevu wa wataalamu, na uliacha vifaa pamoja na watu.

Uchaguzi wa mada uliongozwa na mahitaji. Nchi yenye jua jingi na umeme haba ilielekea kwenye nishati ya jua, na Dar es Salaam ikawa na kundi imara la tando nyembamba, yaani tabaka za madini zenye unene mdogo sana kuliko unywele. Nuru Mlyuka wa chuo hicho, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, walichapisha mwaka 2009 kazi kuhusu vanadi oksidi, madini ambayo kwenye nyuzi 68 za Selsiasi hivi hubadilika na kuanza kuzuia miali ya joto. Walionyesha kwamba magnesi ikichanganywa humo, badiliko hutokea kwenye joto la chini zaidi na mwanga unaopita huongezeka, faida mbili anazozitaka mtengenezaji wa madirisha ya majengo ya nchi za joto. Kazi hiyo haikuhusu plastiki, ila ujuzi wake, kuanzia kulaza utando sawasawa hadi kupima upitishaji wake, ndio uleule anaouhitaji mtu wa vihisi.

Plastiki ilipata makao mapema zaidi Addis Ababa. Tangu miaka ya 1990 wanafizikia na wanakemia wa chuo kikuu cha huko walishirikiana na Olle Inganäs wa Linköping, Sweden, na Ethiopia ikawa na kitu ambacho majirani zake hawakuwa nacho: mwanakemia Wendimagegn Mammo aliyeweza kuzitengeneza polima hizo mwenyewe, na mtafiti kama Shimelis Admassie aliyeweza kuzigeuza kuwa vifaa. Bila jozi hiyo, mwanafizikia hubaki mnunuzi wa chupa ndogo za gharama kubwa zinazoharibika forodhani. Upande wa kusini, Genene Tessema Mola, Mwethiopia aliyehamia KwaZulu-Natal, aliendeleza seli za jua za polima, na katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Emmanuel Iwuoha aliijenga maabara ya vihisi ambamo vijana wengi wa Afrika wamejifunza kubandika vimeng'enya na kingamwili juu ya polima zinazopitisha umeme.

Kwa kijana wa Bagara, njia ya kuufikia ujuzi huo ilifupika mwaka 2011, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilipoanza kupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 170 kwa barabara kuu ya kaskazini. Kutoka humo Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, aliyepata uzamivu wake Korea Kusini, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano. Mwaka 2016 Arusha ilipokea kozi ya wiki mbili ya sayansi ya vitu, iliyowahi kufanyika Addis Ababa mwaka 2012, ambayo mmoja wa waasisi wake ni Sossina Haile, mzaliwa wa Ethiopia anayefundisha Marekani.

Mwaka huohuo wa 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka isiyokauka vizuri, iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuwaua 20. Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu maikrogramu 5 za aina hatari zaidi, B1, kwa kilo ya mahindi, maana yake gunia la kilo 100 linalofikia kikomo hicho lina nusu miligramu tu ya sumu hiyo, tena iliyojikusanya katika punje chache. Kingamwili iliyobandikwa juu ya utando wa polima inaweza kuitambua, lakini kabla yake mahindi lazima yachanganywe, yasagwe na sumu itolewe kwa pombe ya kemikali. Kosa kubwa la kipimo hutokea hapo, kwenye kuchota sampuli, na mwanafizikia asiyejua ghala la mahindi hulaumu elektrodi yake bure. Hata akifaulu, kifaa chake kitakutana na taratibu zilizogawanywa mwaka 2019, usimamizi wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania na vifaa tiba vikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba: utando uleule, ukipima mahindi huenda mlango mmoja, na ukipima damu ya aliyeyala huenda mwingine.