Neno Jipya, Kinywa cha Kale

Mwalimu mkubwa akifa, maneno yake huendelea kuzaa. Mengine huzaliwa kwa wanafunzi waliokaa naye, na mengine kwa watu wasiomjua kabisa, ambao huyavika jina lake ili yapate heshima. Wapenzi wa ushairi wa pwani wanaijua hali hii. Ni tungo ngapi zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, ilhali nakala tulizonazo ziliandikwa karne nyingi baada ya zama anazosemekana kuishi? Na kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika elimu ya hadithi za Mtume, swali la kuuliza tunalijua: neno hili limepokewa kwa nani, naye alilipokea kwa nani? Sanadi ikikatika, neno hutiliwa shaka, hata likiwa tamu.

Swali hilo liliwasumbua pia wafuasi wa Budha. Yeye aliishi kaskazini mwa Bara Hindi, takriban karne ya 5 kabla ya Masihi, wala hakuandika kitu. Mafundisho yake yalihifadhiwa vifuani, yakaja kuandikwa kwa Kipali huko Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Masihi. Karibu na wakati huohuo zikaanza kutokea sutra nyingine, za madhehebu ya Mahayana, nazo zikidai kutoka kinywani mwake. Zilikuwa wapi siku zote hizo? Jibu likawa kwamba zilifichwa; ikasimuliwa hata kuwa baadhi yake zilitunzwa na majoka ya majini mpaka mwanachuoni Nagarjuna alipokwenda kuzichukua. Watu wa Theravada, ambao hekalu lao limesimama Upanga, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1920, hawazikubali kuwa neno la Budha. Wa Mahayana hujibu kwamba neno lolote linalomtoa mtu katika tamaa na chuki ni neno la Budha, yeyote aliyelitamka.

Mnamo 1745 Tominaga Nakamoto, mtoto wa mfanyabiashara wa Osaka, Japani, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi kila kundi lililokuja baadaye lilivyoongeza lake juu ya lililotangulia, kisha likalinasibisha na mwanzilishi. Lakini kipimo kimojawapo kimo ndani ya maandiko ya kale yenyewe. Mtu akidai kuwa amelisikia neno kwa Budha au kwa wazee, asikubaliwe wala asikataliwe papo hapo. Neno lake lilinganishwe na mafundisho na kanuni zinazojulikana. Lisipolingana, liachwe.

Nakichukua kipimo hiki niende nacho bara, Shinyanga na Geita. Huko sikuti kitabu kinachobishaniwa, bali kinywa kinachosingiziwa: kinywa cha wahenga.

Kuanzia 2007 zilienea habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Baadhi ya waganga waliwaaminisha wachimbaji wadogo wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vya binadamu wenzao ni dawa ya utajiri. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini mbali na mikoa ile, barazani kwetu, lilikuwapo jibu jepesi: ndiyo mila yao, wamerithi kwa wazee.

Tuiulize sanadi. Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, katika makala yao ya 2010, waliyahusisha mauaji hayo na maisha ya machimboni. Huko watu wa makabila mbalimbali hukutana, bahati ya mmoja hupanda na ya mwenzake huzama, na mganga huuza matumaini kwa fedha taslimu. Mnyororo huo ni mfupi mno. Unaishia sokoni, haufiki kwa mhenga yeyote. Ni kweli kwamba imani ya uchawi ni ya zamani. Serikali ya kikoloni iliitungia sheria mwaka 1928. Lakini hata mauaji ya vikongwe wa Usukuma walioitwa wachawi, mtafiti Simeon Mesaki aliyahusisha na misukosuko ya kuwakusanya watu vijijini katika miaka ya 1970. Imani kuwa ya kale ni jambo moja. Panga kuwa la kale ni jambo jingine.

Sasa tulinganishe na mafundisho yanayojulikana. Wasukuma wana ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliua mnyama mmoja baada ya mwingine akimuuliza mama, je, ndiye huyu? Msomaji wa Unguja atamkumbuka nunda mla watu, katika ngano alizozikusanya Edward Steere hapa Zanzibar na kuzichapisha 1870: kijana yuleyule, swali lilelile. Mwishowe Masala Kulangwa akaliua zimwi, akalipasua, watu wakatoka wazima.

Lakini kisu kilimkata sikio bikizee mmoja. Akakasirika, akataka kumroga kijana. Hapa ndipo ngano inapofundisha. Shujaa mwenye silaha mkononi, na umma mzima nyuma yake, hakumuua kikongwe aliyetaka kumroga. Alitafuta dawa akamponya sikio, kisha watu wakamtawaza.

Ngano hii nayo haikubaki ilivyokuwa. Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha 1996, waliisoma kwa jicho la Kikristo, wakamwona Masala Kulangwa kuwa mfano wa Masihi. Yawezekana msimulizi wa kwanza hakuwaza hivyo. Hata hivyo hawakumsingizia mtu: walitia majina yao, nasi twajua nani wa kumuuliza. Neno jipya si lazima liwe la uongo. Huenda sutra za Mahayana zimewaponya wengi, wala sioni kwa nini ziachwe kusomwa, mradi msomaji ajue zilitungwa lini.

Wenye kujibu kwa wepesi na wenye kuuza dawa ile wanakutana mahali pamoja: wote humtwika marehemu mzigo asioujua, naye hawezi kuukana. Tukimsikia mtu akisema kwa kinywa cha wahenga, tumuulize alilipokea wapi, kisha tumkumbushe sikio la yule bikizee, lililotiwa dawa na mkono uliokuwa umeshika kisu.