Motokaa Kuukuu na Moyo Mzito

Msomaji, yako maradhi yaonekanayo kwa macho na yako yasiyoonekana. Kijana mwenye kidonda mguuni huulizwa hali kila asubuhi. Kijana mwenye moyo mzito aghalabu huambiwa kuwa ni mvivu. Usingizi humpotea usiku ukamwelemea mchana. Masomo hayamwingii, na mchezo alioupenda mwezi uliopita haumvuti tena. Akiulizwa ana nini, hujibu kuwa hana kitu. Hali hiyo si ngeni duniani, wala haikuzaliwa katika shule zetu. Nataka tutazame jinsi watu wa zamani walivyoitafutia dawa, kisha tuizungumzie dawa moja ndogo ambayo huenda hukuitarajia: mapenzi ya motokaa kuukuu.

Mwaka 1621 Robert Burton, mwanachuoni wa Oxford katika Uingereza, alichapisha kitabu kikubwa juu ya huzuni kiitwacho The Anatomy of Melancholy. Yeye mwenyewe aliijua huzuni, na alikiri kuwa kazi ya kuandika juu yake ilimsaidia kuikimbia. Zamani hizo, na kwa miaka mingi baadaye, wagonjwa wengi wa akili walifungwa minyororo. Mwaka 1796 William Tuke na wenzake walifungua nyumba katika mji wa York iliyoitwa Retreat, na humo wakajaribu njia nyingine. Wagonjwa walitendewa kwa upole, wakalima bustani, wakashona, wakatembea na kuzungumza na watu. Ilionekana kuwa kazi ya mikono pamoja na heshima huweza kutuliza nafsi ambayo minyororo haikuituliza.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Peter Lewinsohn, alilieleza jambo hili kwa namna iliyo rahisi kufahamika. Mtu mwenye huzuni hujitenga. Akijitenga hukosa mambo ya kumfurahisha. Akiyakosa, huzuni huzidi, naye huzidi kujitenga. Ni mduara usio na mlango. Basi shauri la wataalamu waliofuata njia hiyo ni kwamba mtu asingoje mpaka moyo upendezwe ndipo atende. Na atende kwanza, kidogo kidogo, hata kama hana hamu. Moyo utafuata nyuma.

Sasa utauliza, motokaa inaingia wapi? Inaingia hapa: kazi ya mikono yahitaji kitu cha kushughulikia, na kitu kifaacho kuwakusanya watu ni kile kinachoharibika mara kwa mara, na ambacho mtu mmoja hawezi kukitengeneza peke yake. Motokaa kuukuu ina sifa hizo zote mbili.

Tuirudie historia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliamuru kwamba gari liendalo kwa mashine lisipite maili 4 kwa saa mashambani, wala maili 2 mijini, na mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Mwaka 1896 sheria mpya iliruhusu mwendo wa hadi maili 14 kwa saa. Tarehe 14 Novemba mwaka huo wenye motokaa waliichana bendera nyekundu kwa furaha, wakaondoka London kwenda Brighton, mji wa pwani ulio mbali maili 50 na zaidi. Baadhi ya motokaa hizo ziliharibika njiani.

Mwaka 1927 safari hiyo ilikumbukwa kwa kurudiwa. Kufikia hapo motokaa za zamani zilikuwa vitu vya kuchekwa. Watu waliziita kwa jina la dhihaka, kama sisi tusemavyo mkweche. Lakini wenyewe walizitoa mabandani, wakazisafisha, wakaziendesha. Mwaka 1930 wapenzi hao waliunda chama chao, Veteran Car Club, na safari ya Brighton ingali ikifanywa kila mwezi wa Novemba, ila katika miaka michache iliyozuiwa na mambo kama vita. Motokaa zinazoruhusiwa ni zile zilizoundwa kabla ya mwaka 1905.

Sidai kwamba watu hao waliunda chama ili wajitibu huzuni. Walizipenda motokaa, basi. Lakini tazama walichokipata bila kukikusudia. Kwanza, motokaa ya zamani humfundisha mtu kuigawa shida yake. Injini ikikataa kuwaka, fundi hakai kulia. Huuliza: Je, petroli inafika? Je, plagi inatoa cheche? Je, betri ina nguvu? Huchunguza jambo moja baada ya jingine mpaka akaupata ubovu. Mwenye moyo mzito huyaona mambo yake yote kama giza moja. Mbele ya injini hujifunza tena kwamba shida kubwa ina vipande, na kila kipande kina ukubwa wa mkono wake.

Pili, kazi hii hulegeza ulimi. Ni vigumu kwa watu wengi, hasa wanaume, kukaa uso kwa uso na mwenzao na kusema, “Nina huzuni.” Lakini watu wawili walioinama pamoja juu ya injini hawatazamani; macho yao yako kwenye chuma, na maneno hutoka yenyewe. Jambo hili lilitambuliwa vizuri katika Australia, ambako tangu miaka ya 1990 yamejengwa mabanda ya kazi kwa ajili ya wanaume, wengi wao wastaafu na wapweke. Humo hutengeneza mbao na vyuma na mashine mbovu, na pembeni ya kazi huzungumza juu ya afya zao na majonzi yao. Mabanda kama hayo yameenea hata Uingereza.

Nasi katika Kenya hatukuachwa nyuma katika mapenzi ya motokaa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant. Motokaa yao, Volvo PV544, haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine, naye Joginder, aliyekuwa fundi hodari, aliitengeneza upya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, hata watu wakamwita Simba. Tangu mwaka 1970 Nairobi imekuwa na maonyesho ya motokaa zilizotunzwa vizuri, na mwaka 2003 yalianza mashindano ya Safari kwa motokaa za zamani tu. Nenda ukawatazame watu katika mikutano hiyo: mzee na kijana, tajiri na makanika, wote wamezunguka boneti moja, na hakuna aulizaye kabila la mwenzake kabla ya kumwazima spana.

Huenda ukasema motokaa ni mali ya matajiri, na wewe huna hata baiskeli. Kweli, lakini nguvu haimo katika motokaa peke yake. Imo katika kitu kinachopendwa na zaidi ya mtu mmoja, chenye kazi ya kufanywa leo na kuendelezwa kesho. Redio mbovu yatosha. Cherehani ya mama yatosha, na kitalu cha miche nyuma ya bweni chatosha. Wala usidhani haya ni ya wavulana pekee. Msichana mwenye spana mkononi huisikia injini ikiwaka kwa furaha ile ile.

Hata hivyo dawa hii ina mpaka wake. Kama uzito wa moyo wadumu majuma mawili na zaidi, au mawazo ya kifo yaanza kumzunguka mtu, haitoshi kumpa kazi. Huo ni ugonjwa, uitwao sonona, nao una waganga wake kama ilivyo malaria. Aambiwe mzazi au mwalimu, apelekwe hospitali, wala isionekane aibu. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Ila kwa siku nyingine, zile za giza la kawaida, lipo jambo uwezalo kulifanya wewe. Darasani mwako yuko mmoja aliyeanza kukaa peke yake. Usimwendee na hotuba, wala usimwambie ajikaze. Mwendee na kitu kilichoharibika, umwombe akushikie upande mmoja wakati wewe ukishika wa pili.