Aibu ya Taifa, au Aibu ya Nani?

Ndugu msikilizaji, wazee walisema nyani haoni kundule. Methali hiyo hunijia kila nikumbukapo sinema ya Marekani iitwayo Scarface, yaani mwenye kovu usoni. Wengi wenu mnaifahamu ile ya mwaka 1983 ambayo stelingi wake ni Al Pacino. Mimi leo nazungumzia ile ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1932.

Sinema za Marekani zilikuwa zimeanza kusema tangu mwaka 1927. Zamani zilikuwa bubu. Sasa mtazamaji alisikia mlio wa rashasha na breki za magari, na sinema za majambazi zikapendwa mno. Mwaka 1931 zilitangulia Little Caesar na The Public Enemy. Kisha tajiri Howard Hughes akatoa fedha, Howard Hawks akaongoza, na Ben Hecht, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari mjini Chicago, akashiriki kuandika mchezo.

Hadithi ni ya Tony Camonte, aliyechezwa na Paul Muni. Camonte anaanza kama mpambe wa wakubwa wa pombe ya magendo. Anaua, anapanda cheo, mwisho anamgeuka bosi wake mwenyewe. Nje ya dirisha lake kuna tangazo la taa linalosema dunia ni mali yako. Chini ya tangazo hilo hilo ndipo anapokufa kwa risasi za polisi.

Kila mtu alijua anayesemwa ni Al Capone. Tangu mwaka 1920 sheria ilikuwa imepiga marufuku pombe nchini Marekani, na magenge ya Chicago yakatajirika kwa kuiuza kwa siri. Tarehe 14 Februari 1929, watu saba walipangwa ukutani ndani ya gereji moja wakamiminiwa risasi. Mauaji ya namna hiyo yamo ndani ya sinema.

Wakaguzi wa filamu wakaja juu. Walidai kwamba sinema inamtukuza jambazi. Hughes akalazimika kuongeza jina dogo la kusema kwamba hiyo ni aibu ya taifa. Ukatengenezwa pia mwisho mwingine, jambazi ananyongwa kwa amri ya mahakama, ingawa Muni mwenyewe hakuwapo kuuigiza. Hata hivyo wakaguzi wa New York waliikataa.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kipande kingine kilichopachikwa. Waheshimiwa wamekutana ofisini kwa mwenye gazeti, wanajadili dawa ya ujambazi. Mojawapo ya dawa zao ni kuwafukuza wageni nchini, kwa madai kwamba nusu ya majambazi hao si raia.

Sasa tujiulize. Capone alizaliwa wapi? Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Je, pombe yake ilinunuliwa na nani? Na raia wema, wenye suti na tai. Hongo yake ilipokewa na nani? Na baadhi ya polisi na wanasiasa wa Chicago, waliokula kiapo cha kulinda sheria. Na alipofungwa miaka 11, Oktoba 1931, hakufungwa kwa kuua. Alifungwa kwa kukwepa kodi ya mapato.

Marufuku ya pombe ilifutwa mwaka 1933. Mwaka uliofuata kanuni za maadili ya sinema zikaanza kusimamiwa kwa ukali, na hadithi za namna hiyo zikabanwa.

Mwanzoni mwa sinema hiyo serikali inaulizwa itafanya nini, kisha mtazamaji anakumbushwa kwamba serikali ni yake, naye anaulizwa atafanya nini. Hilo ni swali la haki. Ila waheshimiwa wale walipotakiwa kulijibu, walimnyooshea kidole mgeni, na hakuna aliyeuliza bia ya jana usiku ilitoka wapi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.